Hati yasema Mombasa, chifu asema Kilifi: shamba letu liko wapi?

"Assalaam aleikum, mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka juzi, akatuachia shamba la ekari 4 ng'ambo ya daraja la Mtwapa, linaloshuka mpaka kwenye mkono wa bahari. Hati yake ina namba ya ploti, halafu III, halafu MN, na imetajwa Mombasa pamoja na namba ya CR. Naibu wa chifu atwambia shamba liko Kilifi, na reti twadaiwa na Kilifi. Kaka yangu mkubwa ashikilia kwamba Mombasa inaishia darajani, kwa hivyo hati ni bandia na Baba alitapeliwa. Jirani yetu hati yake imeandikwa Kilifi/Mtwapa, jambo lililomzidishia kaka shaka. Sasa broka mmoja ataka tumpe laki moja na nusu 'aihamishe' hati iwe ya Kilifi kabla hatujagawana urithi. Juu ya hayo, chini ya shamba kuna mikoko, na maji ya bamvua hufika minazi ya mwisho. Kaka asema mpaka wetu ni maji. Jirani asema mikoko ni ya serikali, na yeye mwenyewe amejenga ukuta wa mawe humo humo. Mimi naishi Kisauni na sijui nianzie wapi. Je, hati ni ya kweli? Na shamba letu linaishia wapi?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Poleni kwa msiba, Mungu amrehemu mzee.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hoja yake naisikia ofisini kuliko nyingine yoyote, na anayeitoa huwa na yakini kabisa. Ni kweli kwamba Kaunti ya Mombasa, ukifuata barabara ya Malindi, inaishia darajani Mtwapa. Lakini MN si kaunti. Haijawahi kuwa kaunti, wala wilaya, wala tarafa. Ni jina la fungu katika daftari la ardhi, na daftari hilo lilifunguliwa karibu miaka mia kabla ya kaunti kuzaliwa. Kwa shamba la Mtwapa au Kikambala lililomo katika MN III, ajabu ingekuwa hati kukosa kutajwa Mombasa.

Sisemi kwamba hati yenu ni halali. Sijaiona, na hata ningeiona nisingeapa kwa macho tu, maana hati bandia siku hizi hung'ara kuliko zile za kweli. Nasema tu kwamba sababu aliyoitoa kaka si sababu.

Mambo haya yalianza hivi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kugawana Afrika Mashariki, walikubali kwamba Sultani wa Zanzibar abaki na mkanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kama kilomita 18 na nusu, zipimwe kuelekea bara kutoka alama ya maji kujaa. Yaweke kando maneno hayo, "alama ya maji kujaa", tutayarudia tukifika kwenye mikoko yenu. Mwaka 1895 usimamizi wa mkanda huo ukaingia mikononi mwa Waingereza kwa mkataba na Sultani, na ukabaki hivyo hadi makubaliano ya Oktoba 1963, uhuru ulipokuwa mlangoni. Ndiyo maana pwani ilikuwa na sheria yake ya ardhi ambayo Machakos au Nyeri hawakuijua.

Sheria yenyewe ilitoka mwaka 1908. Ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ndani ya mkanda aje mbele ya afisa wa hati, alete mashahidi na karatasi zake kama anazo, aonyeshe mipaka. Aliyekubaliwa alipewa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, yaani ya serikali. Wenye nyumba za mawe mjini, wenye wakfu, wenye kujua kusoma na kuandika, walifika. Wengi wa Mijikenda waliokuwa wakilima huko mashambani hawakufika, ama hawakusikia, ama hawakuona kwa nini mtu aende kuomba shamba lake mwenyewe. Ukitafuta mzizi wa uskwota wa pwani, kuchimba hapa hutakosea.

Sheria ile ilikuwa na jambo moja la kipwani hasa ambalo mawakili wa bara hulistaajabia. Hati ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mwenye ardhi ndiye pia mwenye minazi na nyumba zilizo juu yake, isipokuwa kama imeandikwa vinginevyo. Kwa nini waliotunga sheria waliitaja minazi? Kwa sababu kwetu mnazi ulikuwa mali peke yake. Mtu aliweza kumiliki ardhi, mwingine minazi, wa tatu nyumba, na wote wakaishi. Kwa hiyo, utakapoifungua hati ya baba, soma pia maandishi madogo yaliyoongezwa baadaye. Kama kuna mtu aliyeandikiwa minazi mwaka arobaini na kitu, ni afadhali mjue sasa, kabla hamjaanza kugawana.

Basi madai yalipokubaliwa, wapima walihitaji njia ya kuyapanga. Makao yao yalikuwa kisiwani Mombasa, na waliitazama pwani yote kutokea pale. Kisiwa kikawa fungu lake. Ng'ambo ya Likoni ikaitwa Bara Kusini, kwa Kiingereza Mainland South, ndiyo MS. Zilizobaki zikaitwa Bara Kaskazini, Mainland North, ndiyo MN. Kila bara ikakatwa sehemu zenye namba za Kirumi: MN I na MN II ziko upande wa Nyali na Kisauni, huko kwako, MN III inavuka mkono wa bahari na kuendelea na Mtwapa na Kikambala. Changamwe ni MN VI. Abiria yeyote wa matatu ya Changamwe ajua kwamba kutoka mjini anaelekea magharibi, lakini daftarini yuko kaskazini. Hiyo CR ndiyo namba ya usajili wenu katika daftari la pwani, na daftari hilo liliwekwa Mombasa.

Serikali ya utawala nayo ilikuwa na penseli yake. Ng'ambo ya Mtwapa iliwekwa Wilaya ya Kilifi, na kwa miaka mingi ukanda huo wote ulikuwa Tarafa ya Kikambala: tarafa, chini yake kata na chifu wake, chini yake kata ndogo na naibu wa chifu. Ilipokuja katiba ya 2010 na kaunti 47, eneo hilo likawa sehemu ya eneo bunge la Kilifi Kusini, lenye wadi 5: Junju, Mwarakaya, Chasimba, Mtepeni na Shimo la Tewa. Hiyo ya mwisho inachekesha kidogo. Shule ya Shimo la Tewa na gereza lenye jina hilo ziko Shanzu, Kaunti ya Mombasa, lakini wadi ya Shimo la Tewa iko ng'ambo, Kilifi. Hata tewa mwenyewe, samaki mkubwa apendaye mashimo ya mwambani, hangejua ajifungie shimo la upande gani.

Kwa hiyo una ramani zaidi ya moja zilizolaliana juu ya ekari 4 zile zile, na kosa ni kuiuliza moja swali la mwenzake. Ukitaka kujua nani mmiliki, uliza daftari la ardhi: hapo jibu ni MN III. Ukitaka kujua reti zalipwa wapi, na nani anaidhinisha ramani ya nyumba au ugawaji wa ploti, uliza kaunti: hapo ni Kilifi, na naibu wa chifu amesema kweli tupu. Kwa kura ni wadi. Barua ya chifu ya mirathi haifuati shamba hata kidogo. Hufuata mahali alipoishi marehemu. Kama mzee aliishi na ninyi Kisauni, chifu wa Kisauni ndiye anayejua aliacha wake wangapi na watoto wangapi.

Na jirani mwenye hati ya Kilifi/Mtwapa? Hati za namna hiyo zimetokana na mpango mwingine kabisa, ule wa serikali wa kuwapa watu mashamba, uliosajiliwa chini ya sheria tofauti iliyokuja wakati wa uhuru. Nyote wawili mwaweza kuwa sahihi mkiwa mmegusana mabega. Tofauti iliyopo yawahusu sana, tena zaidi ya jina la kaunti. Hati kama ya jirani kwa kawaida hutegemea ramani ya jumla: mstari unaonyesha kwamba mpaka uko hapa, lakini mpaka wenyewe ni ua, mti au njia iliyopo ardhini. Hati za MN hutegemea ramani iliyopimwa, kila kona na bikoni yake, yaani alama ya mpaka, kila ubavu na urefu na pembe zake. Bikoni ikipotea, mpima aweza kuirudisha mahali pake kwa hesabu. Kwa lugha nyepesi, mpaka wa jirani huulizwa ardhini na mpaka wenu huulizwa karatasini. Watu wa hati mbili za aina hizo wakigombana, kila mmoja huleta ushahidi ambao mwenzake hautambui, na ndipo ugomvi wa mita 2 huchukua miaka 10.

Sasa broka. Mwambieni hapana, tena bila kumwonyesha hati. Sheria za ardhi za zamani zilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, lakini sheria hiyo hiyo ilisema hati zilizotolewa chini ya zile za zamani zinaendelea kuwa na nguvu. Ni kweli kwamba serikali ina mpango wa kubadilisha namba zote za zamani ziwe za mtindo mmoja, na kanuni zake zilitoka mwaka 2017. Lakini kazi hiyo hufanywa na serikali kwa eneo zima, kwa tangazo katika Gazeti Rasmi lenye orodha ya namba za zamani na mpya, na kila mwenye hati huitwa. Mtu mmoja mmoja hahamishiwi hati kutoka kaunti hadi kaunti kwa mkono wa broka, kwa sababu hakuna inakohamia. Ilikuwa MN III jana, na hadi litoke tangazo, ni MN III kesho.

Niliwahi kuletewa kazi na mjane aliyekabidhi hati halisi kwa mtu kama huyo. Alirudishiwa karatasi nzuri yenye namba ambayo haimo katika daftari lolote. Ile halisi haikuonekana tena. Kupata hati mbadala kunataka kiapo na tangazo katika Gazeti Rasmi, kisha kungoja siku 60 kuona kama kuna mwenye pingamizi. Na hiyo ni pale ambapo hati haijatumika kumkopea mtu mwingine. Yeye ilikuwa imetumika.

Nije chini ya shamba. Kaka asema mpaka ni maji. Mimi namuuliza: maji yapi? Mvuvi yeyote wa Mtwapa ana maji manne kabla hajanywa chai. Kuna maji kujaa na maji kupwa, mara mbili kila mchana na usiku. Kuna bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja na maji hupanda sana na kushuka sana. Na kuna maji mafu katikati yake, ambapo maji husogea kivivu. Hapa kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ufukwe ukiwa mkali, mita 3 hizo ni hatua chache. Kwenye tope la mikoko, penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, ni mita 60 za ardhi zinazofunikwa na kufunuliwa. Kwa shamba la ekari 4, mita 60 upande mzima wa chini ni sehemu kubwa sana ya urithi wa watu kugombania.

Kwa nini mkono ule uko vile? Pwani yetu kutoka baharini ina tabaka zake, na mtu aweza kuzitembea asubuhi moja. Kwanza mwamba ulio hai, mawimbi yanakovunjikia. Kisha kina kifupi, kisha mchanga na minazi. Hapo chini ya miguu ni jiwe la matumbawe, mwamba wa zamani uliokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kama miaka 125,000 iliyopita. Mawe ya kujengea ya Mombasa hukatwa humo. Ukivuka barabara ya Malindi ukaendelea kupanda, jiwe lafunikwa na mchanga, yaja mikorosho na mahindi, halafu udongo wa mfinyanzi, halafu vilima vya Uchonyi, Mwarakaya na Chasimba. Mito midogo iliyotoka vilimani ilikata jiwe hilo ilipokuwa ikienda baharini. Zama za barafu, kama miaka 20,000 iliyopita, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na mito ikachimba mabonde marefu kuifuata. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kuyazamisha mabonde yale. Mtwapa ni bonde lililozama. Tudor na Kilindini ni ndugu zake. Ndiyo maana maji ya chumvi huingia ndani kabisa ya mashamba, na ndiyo maana mwenye ploti iliyo mbali na ufukwe hujikuta ana ugomvi wa bahari.

Sheria imeukata ugomvi huo kwa mstari mmoja. Kifungu cha 62 cha Katiba chasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hati, iwe ya 1908 au ya jana, inayoshuka chini ya alama hiyo ya juu. Na alama yenyewe wapima tunaichukua kwa bamvua za kawaida. Ile siku moja ya dhoruba maji yalipoingia jikoni haihesabiwi, wala adhuhuri ya maji mafu ambapo kila kitu ni kikavu na kaka amesimama akionyesha kwa fimbo.

Mikoko nayo ina sheria yake juu ya hiyo. Misitu ya mikoko ya pwani yote ilitangazwa hifadhi mwaka 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Kwa hiyo jirani yenu amesema kweli kwa mdomo, halafu akaikanusha kwa mkono. Ukuta wake humo, kama kweli uko chini ya alama ya maji kujaa, haumpi ardhi hata futi moja. Mtu hajiongezei shamba kwa kujaza mawe baharini. Unaweza tena kuwadhuru ninyi, maana maji yaliyozoea kutambaa na kupoteza nguvu kati ya mizizi yakigonga ukuta huzunguka ncha zake na kuja kula udongo wa upande wa pili. Jamani, tazameni minazi yenu ya mwisho: je, mizizi imebaki nje, au shina limelala kuelekea maji? Kama ndiyo, ardhi inaliwa. Kama mizizi imefunikwa vizuri na miti imesimama wima, pengine aliyeipanda aliipanda pembeni kabisa mwa maji tangu zamani, na hakuna kilichobadilika.

Mikoko yenyewe ni shahidi mzuri kuliko watu. Haioti ovyo. Mbele kabisa, inakooshwa na kila maji, husimama mlilana. Nyuma yake, kwenye tope zito, ni mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa. Ukipanda zaidi waja mkandaa. Nyuma kabisa, kwenye ardhi ngumu yenye chumvi nyeupe inayofikiwa na bamvua peke yake, utaona mchu, ingawa mchu ni mkaidi na mara nyingine huota mbele pia. Ukikuta mchu na mkandaa na huku kaka asema hapo ni shamba la Baba, elewa kwamba miti imekwisha kumjibu.

Lakini kujua alama ya maji kujaa hakutoshi kujua mpaka wenu. Huenda shamba halifiki hapo. Fungua ramani iliyoambatanishwa na hati. Kama upande wa chini umechorwa kwa mstari ulionyooka wenye bikoni mbili, shamba linaishia kwenye bikoni, hata kama kati yake na maji kuna kichaka kizuri kinachotamanisha. Kama umechorwa kwa mstari uliopindapinda kufuata ufuo na kuandikwa kwamba ni alama ya maji kujaa, hapo ndipo kaka ana nusu ya hoja: mpaka ni maji, lakini yale ya juu. Na kuna hali ya tatu. Serikali ilipokuwa ikitoa ardhi yake, kanuni za upimaji zilitaka uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama hiyo ufukweni mwa bahari, na mita 30 kando ya mito inayojaa na kupwa. Mashamba yaliyotokana na madai ya watu binafsi baada ya 1908 mara nyingi hayana ukanda huo; yaliyotolewa na serikali baadaye mara nyingi yanao. Ndiyo maana nataka mjue hati yenu ilizaliwaje, zaidi ya jina lililo juu yake leo.

Sasa la kuanzia, kwa kuwa umeuliza. Nenda wewe mwenyewe ofisi ya usajili wa ardhi Mombasa, na nakala ya hati, uombe sachi rasmi, yaani upekuzi wa daftari, kwa namba ya ploti na namba ya CR. Usimtume mtu. Sachi itakuonyesha jina la nani limo, kama kuna rehani, kama kuna zuio, na kama ardhi ni ya milele au ya kupangishwa kwa miaka. Hilo la mwisho ni zito: ikiwa ni ya miaka, huenda kuna kodi ya serikali kuu iliyolimbikizwa, na hiyo ni mbali na reti za Kilifi. Jina la baba likiwemo na namba zikilingana, suala la hati bandia limekwisha, na kaka aonyeshwe kwa heshima, si kwa ushindi. Jina likiwa la mtu mwingine, au daftari likionekana kukatwakatwa, usibishane na karani. Siku hiyo hiyo tafuta wakili wa masuala ya ardhi, kwa sababu zuio laweza kuwekwa mapema na kuokoa mengi.

Reti kalipeni Kilifi, mkiweka risiti. Deni hukua, na ugawaji wenu hautapita bila cheti cha kwamba hamdaiwi.

Kisha mirathi. Mkiwa nyote Waislamu na mkikubali, Mahakama ya Kadhi yaweza kusikiliza. Vinginevyo ni mahakama za kawaida. Kuliandikisha shamba zima kwa jina la warithi ni jambo jepesi kuliko kulikata. Ikiwa eneo linahesabiwa la kilimo, kurithi tu hakuhitaji ruhusa ya bodi ya kudhibiti ardhi, ila mkitaka kila mmoja apate hati yake ruhusa hiyo inahitajika, pamoja na idhini ya mipango ya Kaunti ya Kilifi na kazi ya mpima mwenye leseni. Maoni yangu, na waweza kuyakataa: msilikate kabla mpaka wa chini haujasimamishwa. Nimeona ndugu wakigawana kwa usawa kwenye karatasi, kisha wa chini akagundua nusu ya fungu lake ni la samaki.

Mpima mtakayemchukua awe na leseni, na aanze kazi kwa kuitafuta ramani ya upimaji wa awali kwenye kumbukumbu za serikali. Akifika shambani na simu tu, akaanza kuchovya vijiti, mlipe nauli arudi. Ugomvi na jirani ukiendelea baada ya bikoni kurudishwa, msikimbilie mahakamani kwanza. Sheria yampa msajili wa ardhi kazi ya kuja na kuamua mpaka uko wapi. Suala la ukuta ndani ya mikoko ni la Huduma za Misitu na la NEMA, mamlaka ya mazingira, nanyi mnaweza kulipeleka bila kungoja mambo ya hati yenu yaishe.

Kabla ya gharama zote hizo, kuna kazi moja isiyo na malipo. Ngojeni bamvua ijayo, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Hapa kwetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Nenda na kaka yako ile ya alasiri, na ikiwezekana mwite na jirani. Maji yanapofika mwisho na kusimama, pigeni vigingi kwenye ukingo wake kutoka upande mmoja wa shamba hadi wa pili, mpige na picha zenye tarehe. Rudini bamvua mbili zaidi mfanye vivyo hivyo. Mkija ofisini njoni na picha hizo na nakala ya ramani ya hati, nami nitawaambia kwa dakika chache kama mna haja ya mpima wa siku moja au wa wiki nzima.